Jogoo wa Kuagana

Fuso lilikuwa lifike saa sita mchana kubeba vyombo vyangu, na kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshagombana na watu watatu.

Wa kwanza ni mwanangu Naftali. Alikuja juzi kutoka Kahama kunihamisha, akaanza kutupa nje matenga yangu ya kuku, eti takataka. Nikamwambia takataka hizo ndizo zilizomsomesha, ayarudishe ndani moja moja na kwa adabu. Wa pili ni mwenye nyumba, aliyekuja kupima chumba na mimi bado nimo, kama vile nimeshakufa. Wa tatu ni Calist. Huyo hakuwa amenikosea hata kidogo, na ndiye niliyemfokea kuliko wote.

Mimi naitwa Magreth, ila pale soko la kuku hakuna anayelitumia jina hilo. Ni Mama Naftali, basi. Niliingia Singida mjini nikiwa msichana, nikitokea Mtinko na kuku wanne niliowafunga miguu, na sikurudi tena. Miaka thelathini na moja nimechuchumaa kwenye matenga mpaka magoti yamekataa. Ndiyo maana Naftali anataka nikakae kwake. Daktari naye amemuunga mkono, kana kwamba walikaa kikao.

Mji huu naupenda, nasema wazi. Naupenda na upepo wake unaovua watu kanga barabarani. Naupenda na yale majabali yaliyokaa katikati ya nyumba za watu kama wageni waliokatazwa kuondoka, na harufu ya mashudu ya alizeti inayoingia mpaka kwenye shuka. Mtu wa Dar akishuka stendi akasema hapa pakavu, huwa namuuliza nani alimwita. Ziwa Kindai lenyewe maji yake hayanyweki kwa chumvi, lakini tangu nihamie haijapita wiki bila mimi kwenda kuliangalia. Kwa hiyo asubuhi hiyo nilikwenda kuliaga.

Njiani, penye majabali, ndipo nilipomkuta Calist. Alikuwa amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi, anaponda kokoto. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Aliponiona aliweka nyundo chini, akasimama, maana ni kijana mwenye heshima, na hilo nalo lilikuwa linaniudhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nasikia leo ndiyo mnaondoka. Mungu awatangulie."

"Amina," nikasema, nikaanza kutembea.

"Mama, samahani. Nilikuwa na ombi."

Nikasimama. 

"Dada Eliza, yule afisa mifugo wa kata, anatafuta mtu wa kuchanja kuku wa soko na mitaa yote ya huku. Mwenye mafunzo nipo peke yangu. Lakini amesema soko likinikataa, hawezi kunichukua. Leo anakuja kuwauliza, kwenye jogoo wako wa kuagana. Mama Sara ndiye mwenyekiti, na mama, unajua alivyoapa juu yangu. Lakini wewe atakusikiliza. Niombee neno moja tu."

"Mimi nahama!" nikamfokea. "Nina vyombo havijafungwa, nina magoti, na wewe unaniletea habari za chanjo! Siku zote ulikuwa wapi?"

Akasema pole mama, akakaa, akachukua nyundo yake. Ziwa sikulifika. Nilirudi nyumbani mbio mbio, na Naftali akaniuliza kama nimeumwa na mbwa.

Sasa nieleze kilichotokea miaka saba nyuma, maana bila hicho mtaniona mwehu.

Calist alikuwa mchanjaji wa kuku. Alipelekwa semina, akapewa kisanduku cha kutunza ubaridi, akawa anapita na kichupa chake cha dawa ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Kijana msafi, anaandika kila kitu kwenye daftari. Mama Sara, jina lake Elina, alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Tulikaa tenga kwa tenga, tukalea watoto wetu juu ya mbawa na manyoya. Mwaka huo Elina alikuwa amekusanya mitetea sitini na tatu, mizuri, ya kuchagua, kwa sababu alitaka aache kuchuuza afuge. Ilikuwa ndoto yake. Aliijua kila mmoja.

Mimi siku hiyo nilitoka mnadani Mtinko na kuku kumi na nane. Niliwapata kwa bei ya bure. Na mimi ni mtoto wa Mtinko, siwezi kudanganya mtu kwamba sikuelewa. Mtu wa kwetu akikuuzia mtetea unaotaga kwa bei ya kifaranga, tena kwa haraka, anaangalia pembeni, ujue nyumbani kwake kuku wanakufa. Wawili kati ya wale walikuwa wamesinzia, mabawa yameshuka. Niliwaona. Nikajiambia nitawauza kesho asubuhi kwa gari la Dar, wakifa mambo yatakuwa ya huko.

Banda langu upepo ulikuwa umelibomoa bati. Nikamwambia Elina anihifadhie kuku wangu mpaka asubuhi. Hakuniuliza hata swali. Alifungua banda lake, akasema, "Hawa wawili wana nini?" Nikamjibu, "Wamechoka na safari." Kwa mdomo wangu huu.

Asubuhi nikawachukua, nikauza. Mchana wake Calist akaja akachanja mitetea yote ya Elina. Siku ya tano ikaanza kufa. Shingo zinajipinda, mavi ya kijani, mama wee! Kufikia Jumapili banda lilikuwa tupu. Na kila mtu pale sokoni alisema neno moja: ni dawa ya Calist. Kuku wazima, kachanja, wamekufa, kuna nini tena cha kuuliza? Wakamfuata alipokuwa anachanja, wakamtoa sokoni kwa kelele. Mimi nilikuwepo. Kile kisanduku chake cha baridi, aliyekipiga teke kikapasuka ni mimi. Niliogopa kunyamaza nisije nikaulizwa, ndiyo maana nilipiga kelele kuliko wenye kuku.

Baada ya hapo hakuna mlango uliofunguliwa tena kwa Calist. Kijana akamwaga unga, akaishia kwenye kokoto. Na mimi nikampelekea Elina mitetea mitatu aanze upya, akalia begani kwangu, akasema hana ndugu kama mimi.

Basi, hayo ndiyo niliyokuwa nayo tumboni saa nne asubuhi nilipoingia sokoni.

Pale kwetu anayehama hutoa jogoo. Miraji, muuza kuku mwenzetu Mwislamu, ndiye anayemchinja, ili Waislamu na Wakristo tule chungu kimoja. Nyama ikiiva, kabla mtu hajagusa, anayehama anasimama anauliza, "Nani nimemkosea?" Mwenye neno analisema hapo hapo, mbele ya watu. Kisha mwenyekiti anampa firigisi. Akishaila, imekwisha, hakuna wa kumfuata tena kwa lolote hata likivumbuka baadaye. Na hiyo firigisi si kitu cha mchezo. Nyumbani ni ya baba. Mimi nimepika firigisi tangu nimejua kuwasha moto, kwa baba yangu, kwa marehemu mume wangu, kwa wageni wa mume wangu, na sijawahi kuionja. Wanawake wa soko letu wanaitania kwamba ili ule firigisi lazima uhame mji.

Watu walikuwa wamejaa. Walinikalisha kwenye kiti chenye mto. Elina alikuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili yangu, macho yamevimba, inaonekana alishalia nyumbani kwanza. Pembeni alisimama dada Eliza na kisanduku cha baridi kipya begani. Na kule mlangoni, nje ya uzio, Calist. Amenawa uso, amevaa shati jeupe. Hakuthubutu kuvuka.

"Kabla ya chakula," Eliza akasema, "nina jambo moja. Mdondo umeshaonekana vijijini huko. Tukichelewa kuchanja, soko hili litafagiwa. Chanjo ninayo hapa. Mtu mwenye mafunzo ni Calist. Nawaomba mumkubali."

Elina hakumsubiri amalize.

"Dada yangu, wewe ni mgeni, nakuheshimu. Lakini huyo alinimalizia kuku sitini na tatu kwa siku nne. Mama Naftali huyu hapa alikuwepo, aliona kwa macho yake. Si ndiyo, Mama Naftali?"

Watu wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Nilichotoa ni kikohozi.

"Mnaona? Hata yeye inamuuma kuisema," Elina akasema. "Jibu ni hapana. Akichanja mwingine sawa, akichanja huyu, kuku wangu hatawagusa na mimi nikiwa hai. Tuendelee na la leo."

Miraji akaitikia, na wengine wakaitikia. Nikamwona Calist pale mlangoni akiangalia chini, akipangusa mikono kwenye suruali, kisha akageuka kuondoka. Alikuwa anaondoka kweli. Na mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye mto.

"Haya, Mama Naftali, uliza," Elina akasema.

Nikasimama. Magoti yalikuwa yanauma, lakini siku hiyo hayakuwa na kosa.

"Nani nimemkosea?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

Kuku walikuwa wanakwaruza kwenye matenga, upepo unapiga bati. Miraji akatania, "Umetukosea sote kwa huo mdomo wako, lakini tumeuzoea." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia.

Elina akafunua chungu. Akaitoa firigisi kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani, akanishika mkono.

"Mnamjua mwenzangu huyu kwa ukali," akasema. "Mimi namjua kwa jingine. Siku nilipobaki na banda tupu, nyie wote mlinipa pole. Yeye alinipa mitetea mitatu. Kuku wote mnaowaona kwangu leo ni uzao wa wale watatu. Kama kuna mtu nisiyekuwa na neno naye duniani, ni huyu. Kula, dada yangu. Kula uende salama."

Akanipa sahani. Nikaichukua ile firigisi kwa vidole. Ilikuwa ya moto, inanukia tangawizi. Nikafikiria: nikiila, imekwisha. Baada ya saa mbili nitakuwa kwenye Fuso. Hakuna anayejua na hakuna atakayejua. Kahama hakuna Calist. Nikaifikisha mpaka mdomoni, nakuapia, midomo ilishaigusa. Nje nikasikia honi, Fuso limewahi, na Naftali anaita, "Mama!"

Nikairudisha kwenye sahani.

"Mwiteni Calist," nikasema.

"Wa nini?" Elina akauliza.

"Mwiteni! Miraji, kimbia, usinitumbulie macho!"

Miraji akakimbia. Akarudi naye. Sasa alikuwa ndani ya uzio, na watu wameanza kunung'unika. Sikumwangalia Calist. Nilimwangalia Elina, kwa sababu nilijua nikimwondolea macho nitashindwa.

"Kuku wako niliwaua mimi."

"Mama Naftali, acha mzaha."

"Wale kumi na nane nilioleta kwako wakalala bandani. Walitoka Mtinko na mdondo. Calist alipochanja kesho yake, wako walishaambukizwa. Dawa haiwezi kumponya aliyekwisha kuupata. Mimi nilijua. Nilijua siku ile ile."

Eliza akasema taratibu, kama anayejisemea, kwamba ndivyo mdondo ulivyo, hujitokeza siku ya nne, siku ya tano. Elina hakumsikia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku unawaingiza kwangu, ulijua?"

"Niliona wawili wamesinzia."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema wamechoka na safari."

"Ndiyo nilisema, Elina." Sikuwa nimewahi kumwita jina lake mbele za watu. Likanitoka tu.

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru. Badala yake ni Calist aliyesema, na hakusema kwa hasira. Alisogea hatua moja, macho yamemtoka.

"Mama," akasema, "kwa hiyo barafu haikuwa imeyeyuka?"

Sikuelewa.

"Barafu ya kwenye kisanduku. Siku ile nilipita kwingine kwanza, jua lilikuwa kali, na dawa ikikosa ubaridi huharibika. Miaka saba najiuliza iliyeyuka wapi. Nilijua ni mimi. Nilijua niliwaua kwa uzembe. Kwa hiyo dawa ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, mwanangu. Dawa yako ilikuwa nzima."

Akakaa juu ya tenga tupu, akajifunika uso kwa mikono yake yote miwili, ile mikono iliyopasuka kwa mawe. Nilidhani nilimnyang'anya kazi tu. Kumbe kijana wa watu nilimfanya ajihukumu mwenyewe, na yeye akakubali akanyamaza. Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa sababu nahama.

Elina akaichukua sahani mkononi mwangu. Akaishika firigisi, akairudisha ndani ya chungu, akafunika.

"Miraji," akasema, "chungu hiki kiondoe."

Kikaondolewa. Miaka thelathini na moja sijawahi kuona jogoo wa kuagana akirudishwa jikoni. Watu wakatawanyika kwenye matenga yao mmoja mmoja, hawaniangalii. Wale wanawake waliopanga kunisindikiza kwa nyimbo mpaka garini, hata mmoja hakuinuka. Nilitoka sokoni peke yangu nikishikilia uzio.

Naftali alinisaidia kupanda, na nilipomweleza akapiga usukani ambao hata si wake.

"Mama, ungenyamaza tu! Tulikuwa tunaondoka!"

"Naftali, funga mdomo wako kabla sijakufunga."

Akafunga. Tukaenda nyumbani, tukapakia kitanda, masufuria na matenga, yote, hata lililovunjika. Dereva akasubiri abiria mwingine aliyechelewa, ikafika saa sita na nusu. Nilikaa kwenye kabini nikiutazama mji wangu kupitia kioo chenye ufa, na mji haukuwa na habari na mimi. Mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara kwenye madumu, watu wananunua, upepo unarusha mifuko. Nilitamani mtu mmoja anipungie mkono. Yeyote, hata mwenye nyumba.

Gari likaondoka. Pale kwenye kona ya soko dereva akafunga breki ghafla, akatukana. Elina alikuwa amesimama katikati ya barabara na kitenge chake kipya, ameshika mitetea mitatu iliyofungwa miguu, vichwa chini.

Akaja upande wangu. Nikashusha kioo.

"Shika," akasema.

"Mama Sara, nisamehe."

"Sijasema neno hilo, usinitangulie. Ulinipa watatu, nakurudishia watatu. Sitaki niwe nawaona asubuhi nikifungua banda."

Nikawapokea. Walikuwa wazito, wenye manyoya ya kung'aa, wametunzwa. Nikadhani amemaliza, lakini alikuwa bado ameshika mlango wa gari, anahema. Nyuma yake, ng'ambo ya uzio, niliona watu wamejipanga mstari, kila mmoja na kuku kwapani, na mbele yao shati jeupe limeinama.

"Wamechanjwa," Elina akasema. "Calist amewatia matone sasa hivi. Nimemwambia aanze na wa kwangu. Ukifika huko usiwachanganye na kuku wa watu mpaka wiki mbili ziishe. Unanisikia? Usimwambie mtu wamechoka na safari."

"Nimesikia."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili, Elina."

Akaachia mlango, akarudi kwenye mstari. Hakugeuka. Naftali akauliza kama awaweke kuku nyuma na matenga, nikamwambia hapana, nitawapakata mwenyewe mpaka Kahama.

Tukaupita mji, tukaliacha ziwa huko nyuma, na sikulitazama. Nilikuwa namtazama mtetea wa juu. Manyoya chini ya jicho lake yalikuwa bado yamelowa. Nikainua ncha ya kanga nimfute, nikakumbuka ni dawa, nikaushusha mkono.